Ndege Ikiyumba, Nani Hutupwa Nje?



Kila jioni pale Mwembe Tayari mabasi ya Nairobi hujaa abiria ambao wengi wao hawajapata kukanyaga ngazi ya ndege maishani mwao. Wanapanda na vikapu vyao vya maembe na korosho, na watoto mgongoni, wakijua kwamba usiku mzima watakesha njiani. Nauliza: ni kwa sheria gani abiria huyu wa basi amefanywa mdhamini wa deni la ndege? Kwa maana ndivyo alivyofanywa. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliweka dhamana ya dola milioni 750 kwa madeni ya Kenya Airways. Dola milioni 525 zilihusu mikopo ya ununuzi wa ndege iliyosimamiwa na Benki ya Exim ya Marekani, na dola milioni 225 zilihusu mabenki ya humu humu nchini. Shirika liliposhindwa kulipa, Hazina ikaanza kulipa kwa niaba yake. Na Hazina haina shamba wala duka. Inaishi kwa ushuru wa sukari, wa mafuta ya taa, wa muda wa maongezi ya simu, na wa dizeli inayosukuma basi lile lile la Mwembe Tayari.

Mdhamini, katika sheria ninayoijua mimi, huonyeshwa mkataba kabla ya kutia sahihi. Mdhamini huyu wa Mwembe Tayari hakuonyeshwa chochote. Hakuulizwa. Na hadi leo akitaka kuuona mkataba huo ataambiwa kwamba ni siri ya biashara.

Basi nataka tulijadili jambo hili bila woga, na kwa utaratibu. Mashirika ya ndege yanapopatwa na hali ngumu hutangaza kwamba yanapunguza gharama. Ni maneno matamu, hata mtu wa kanisa huyapenda, maana nani atakayepinga ubanaji wa matumizi? Lakini kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa kusoma mikataba ya watu wengine, na kusoma huko kumenifundisha kwamba mara nyingi gharama haipunguzwi. Huhamishwa. Hutolewa katika bega la mwenye mkataba mzito na kutwikwa bega la mwenye mkataba mwepesi, kisha vitabu vikafungwa na wakurugenzi wakapigiwa makofi.

Tazameni gharama zenyewe. Shirika la ndege hulipa mafuta, hulipa kodi ya ndege ilizozikodi, hulipa riba ya mikopo, matengenezo, ada za viwanja, na mwisho mishahara. Bei ya mafuta hupangwa katika soko la dunia. Kodi ya ndege hulipwa kwa dola kila mwezi, ndege iruke au ilale, na mara nyingi mkataba wake husomwa kwa sheria ya Uingereza au ya jimbo la New York. Mwenye ndege asipolipwa ana Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001, ambao Kenya imeuridhia, unaompa njia ya haraka ya kuichukua mali yake na kuirusha kwao. Mkopeshaji ana dhamana ya serikali. Hao wamejikinga kwa karatasi ngumu kama jiwe la Ngome ya Yesu. Anayebaki uwanjani bila ngome ni nani? Ni mfanyakazi wa mkataba wa miezi mitatu. Ni kampuni ndogo ya ndege inayorusha abiria wa mikoani kwa jina la kampuni kubwa. Ni mpishi wa chakula cha ndege, mwenye hoteli ya pwani, dereva wa teksi wa Port Reitz. Karatasi zao ni nyepesi, na upepo ukivuma ndizo zipeperukazo kwanza.

Hili si jambo la Kenya peke yake. Huko Marekani safari nyingi za miji midogo hazirushwi na kampuni ambayo jina lake limeandikwa ubavuni mwa ndege. Kampuni kubwa huuza tiketi, hupanga ratiba, hununua mafuta, kisha huilipa kampuni ndogo ujira kwa kila safari au kila saa ya kuruka. Siku za neema mpango huu ni mwema kwa wote wawili. Siku za dhiki ndipo inapojulikana nani bwana na nani mtwana. Ulipoingia ugonjwa wa Korona mwaka 2020, Trans States Airlines na Compass Airlines zilifunga milango mwezi Aprili. Mwezi Julai mwaka huo huo United ilikuwa na kampuni mbili ndogo zilizorusha ndege za aina moja kwa niaba yake, ExpressJet na CommutAir. Ikachagua moja, na kwa chaguo hilo nyingine ikafa: ExpressJet ikasimamisha safari mwisho wa Septemba. Na United yenyewe ilikuwa na sehemu ya karibu nusu ya umiliki katika ExpressJet! Huko Ireland nako, Stobart Air ilikuwa ikirusha safari fupi kwa jina la Aer Lingus. Aer Lingus ilipoamua kumpa mwingine kazi hiyo, Stobart haikufika mwisho wa mkataba wake. Ilianguka Juni 2021.

Nimeyataja haya ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba nawaonea wa kwetu. Utaratibu ni mmoja duniani. Tofauti ni kwamba katika nchi nyingine mtu wa kawaida anaweza kuusoma mkataba, maana kampuni zile zilizoko katika masoko ya hisa hulazimika kuweka mikataba yao mikubwa hadharani, ingawa sehemu nyingine hufichwa. Kwetu tunasoma kaburi, hatusomi mkataba.

Tuje nyumbani sasa. Kenya Airways ilizaliwa Januari 1977 kutoka katika maiti ya East African Airways, shirika la nchi tatu lililokufa kwa sababu wabia hawakuelewana nani amlipe nani. Wazee wetu wa bandarini na reli wanaikumbuka vyema hali ya jumuiya ile ilipovunjika, jinsi watu walivyoamka asubuhi wakajikuta ni wageni katika vituo vyao vya kazi. Mwaka 1996 shirika likabinafsishwa. KLM ya Uholanzi ikanunua asilimia 26, serikali ikabaki na asilimia 23, na wananchi wakaalikwa kununua hisa kwa Sh11.25 kila moja. Wengi walinunua. Walimu walinunua, wauguzi walinunua, na nawajua waumini waliotoa akiba ya uzeeni wakaamini kwamba sasa nao wana chao angani. Mwaka uliofuata ukatiwa sahihi mkataba wa ubia baina ya Kenya Airways na KLM, ambao kwao mapato ya njia za Ulaya yaliendeshwa kwa pamoja. Mkataba huo uliishi hadi Septemba 2021. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Profesa Anyang' Nyong'o, iliyochunguza mambo ya shirika hilo baada ya hasara kubwa, iliutazama kwa jicho kali. Mwananchi wa kawaida hakuutazama kwa jicho lolote, kwa sababu hakuupata.

Na jinsi KLM ilivyokuwa kaka mkubwa kwa Kenya Airways, ndivyo Kenya Airways nayo ilivyotafuta wadogo zake. Mwaka 2000 ilianzisha Flamingo Airlines kwa safari za ndani na za jirani, kisha miaka michache baadaye ikaimeza tena. Mwaka 2003 ilinunua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania. Mwaka 2014 ikaizindua Jambojet, kampuni tanzu ya nauli nafuu, ambayo njia yake kubwa ni hii yetu ya Mombasa na Nairobi. Silaumu nauli nafuu, nami huipanda. Ninachosema ni kwamba kila kampuni tanzu na kila ubia ni mkataba mwingine, na kila mkataba mwingine ni mlango mwingine wa kuhamishia gharama. Mfanyakazi wa kampuni tanzu si mfanyakazi wa kampuni mama. Makubaliano ambayo chama cha wafanyakazi kimepigania kwa mama huyakuti kwa binti. Huu si uhalifu. Ni sheria ya makampuni ilivyo. Lakini tusidanganyane kwamba ni ufundi wa kuendesha ndege. Ni ufundi wa kuandika karatasi.

Sasa tazameni mwaka 2012, maana humo ndimo somo zima limo. Mwaka huo Kenya Airways iliwaendea wenye hisa ikitaka zaidi ya Sh20 bilioni ili itimize ndoto iitwayo Mawingu, ya kuwa na ndege zaidi ya 100 katika muda wa miaka kumi. Ilipata Sh14.5 bilioni. Ndege mpya zikaagizwa, mikopo ya dola ikatiwa sahihi. Na mwaka huo huo, ndugu zangu, mwaka huo huo wa ndoto, mamia ya wafanyakazi wakaambiwa kwamba nafasi zao hazipo tena kwa sababu ni lazima kupunguza gharama. Chama chao kikaenda kortini.

Nitawaeleza sheria kwa ufupi, kwa sababu wengi mnaonijia ofisini hamjui kwamba ipo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayewaondoa watu kwa kupungukiwa na kazi atoe ilani isiyopungua mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi, aeleze sababu na ukubwa wa hatua hiyo, achague wa kuondoka kwa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wao, kisha alipe fidia isiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka mzima wa kazi. Siku 15! Mtu ametumikia miaka 10, anaondoka na ujira wa miezi mitano. Mahakama ya kazi iliamuru wafanyakazi wale warudishwe. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha amri ya kuwarudisha. Naiheshimu mahakama, na siandiki hapa kukata rufani kupitia jarida. Nasema tu kwamba mwenye ndege, kwa Mkataba wa Cape Town, huipata ndege yake kwa haraka. Mwenye jasho alitembea kortini karibu miaka miwili, na kazi yake hakuipata.

Na gharama, je, zilipungua? Katika mwaka wa fedha wa 2014/2015 shirika lilipata hasara ya Sh25.7 bilioni, na mwaka uliofuata Sh26.2 bilioni. Wafanyakazi waliondoka, hasara ikakua. Mwaka 2016 likatangaza tena kupunguza watu 600. Ndege kubwa tatu za Boeing 777, zilizoletwa kwa shangwe, zikakodishwa kwa Turkish Airlines. Mbili za Boeing 787 zikaenda Oman Air. Nafasi ya kutua katika kiwanja cha Heathrow, London, ikauzwa kwa Oman Air kwa dola milioni 75 kama ilivyoripotiwa. Yaani mabawa yaliyosababisha deni yalikuwa yanaruka kwa majina ya wengine, na deni likabaki Embakasi.

Mwaka 2017 ukaja mpango mkubwa wa kuliokoa shirika. Mabenki ya Kenya, ambayo yalikuwa yakidai, yaligeuza madai yao kuwa hisa, wakapata asilimia 38.1 kupitia kampuni waliyoiunda kwa kazi hiyo. Serikali ikapanda hadi asilimia 48.9. KLM ikashuka hadi asilimia 7.8. Wale walimu na wauguzi wa 1996, pamoja na wenye hisa wengine wote wa sokoni, wakabaki na asilimia 2.8. Msidhani nimekosea kuandika nukta. Asilimia mbili nukta nane. Walioitwa wenye shirika walifanywa chumvi ya kutia ladha.

Hapo ndipo naomba msome polepole. Sheria ya Mashirika ya Serikali hulihesabu kampuni kuwa shirika la serikali pale ambapo hisa zote au zilizo nyingi ni za serikali. Asilimia 48.9 si nyingi. Imepungua kidogo tu kufika nusu. Kwa hiyo shirika hili, likitaka dhamana, ni mali ya taifa, fahari ya Afrika, bendera yetu angani. Likiulizwa mikataba yake, ni kampuni binafsi yenye siri za kibiashara. Popo huyu tumemvumilia mno. Akiitwa na ndege kulipa kodi husema ana meno. Akiitwa na wanyama huonyesha mbawa.

Wengine watasema: wakili, wewe hujui biashara, shirika lisipokata gharama litakufa, na wote watapoteza kazi. Hoja hii ina uzito, nami sitaipita pembeni. Ni kweli kwamba ugonjwa wa 2020 ulizilaza ndege za dunia nzima na kwamba hakuna shirika ambalo lingelipa mishahara kamili bila abiria. Hasara ya mwaka huo ilikuwa Sh36.2 bilioni. Lakini tuangalie hesabu za shirika lenyewe, si maneno ya wanaharakati. Mwaka 2023 lilipata faida ya uendeshaji ya Sh10.5 bilioni. Maana yake, kwa kazi ya kurusha ndege peke yake, wale marubani, mafundi, wahudumu na wapakiaji mizigo walileta faida. Hata hivyo mwaka huo ulifungwa kwa hasara ya Sh22.7 bilioni, kwa sababu ya mzigo wa madeni na kuanguka kwa shilingi mbele ya dola. Mwaka 2024 shilingi ikapata nguvu, na shirika likatangaza faida ya Sh5.4 bilioni, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10. Nusu ya kwanza ya 2025 likarudi katika hasara. Basi mgonjwa yuko wapi? Ujira wa mpakiaji mizigo haukupanda wala kushuka kwa mabilioni hayo. Kilichopanda na kushuka ni dola iliyoandikwa katika mikataba ambayo mpakiaji mizigo hakuitia sahihi. Lakini ulipofika wakati wa kukata, ni mshahara uliokatwa na sehemu yake kuahirishwa, na ni mchango wa mfuko wa akiba wa marubani uliosimamishwa tangu 2020. Marubani walipogoma Novemba 2022, waliambiwa ni wahujumu uchumi, na mahakama ikawaamuru warudi kazini. Mwenye kudai dola hakuitwa mhujumu.

Pwani yetu inaijua hali hii kwa mlango wa pili, mlango wa utalii. Niruhusuni nikae hapa kidogo, kwa kuwa ndipo tunapoishi. Hoteli ya pwani na kampuni ya Ulaya inayoleta watalii kwa ndege za kukodi huandikiana mkataba wa vyumba. Kampuni hutengewa, tuseme, vyumba hamsini kwa msimu mzima. Hoteli haiwezi kumuuzia mwingine. Lakini kampuni inayo ruhusa ya kuvirudisha vyumba hivyo wiki chache kabla ya wageni kufika, bila kulipa senti. Mmoja amefungwa, mwingine yuko huru. Hiyo ndiyo siri yote ya mkataba wa mnyonge.

Mwezi Mei 2014, baada ya onyo la serikali ya Uingereza kwa raia wake, kampuni za Thomson na First Choice ziliwarudisha kwao wateja waliokuwa likizoni pwani na kufuta safari za Mombasa hadi mwisho wa Oktoba. Sibishani na usalama. Siku zile tulikuwa na misiba yetu, na kanisani Likoni waumini walikuwa wameuawa kwa risasi miezi miwili kabla. Nabishana na mkataba. Ndege zilipofutwa, kampuni iliokoa mafuta na kodi yake. Mwenye hoteli akafunga mabawa ya jengo, kisha jengo. Mwenye hoteli akamwambia msafisha vyumba arudi msimu ukirudi. Msafisha vyumba akamwambia nani? Kila mmoja alikuwa na wa chini yake wa kumhamishia, isipokuwa yule wa mwisho. Na wale wenye kumbukumbu watakumbuka Agosti 1997, vita vya Likoni vilivyochochewa kwa siasa za uchaguzi, watu wa bara wakikimbilia kanisa Katoliki la Likoni, na ndege za kukodi zikiadimika mwaka ule na uliofuata. Wanasiasa waliowasha moto hawakufukuzwa kazi na mtu yeyote. Mabawabu na wapishi ndio waliofukuzwa.

Nao ulinzi wa shirika la taifa umetugharimu kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi viongozi wa pwani na wenye hoteli wameomba mashirika ya nje yaruhusiwe kutua Mombasa kwa wingi bila kupitia Nairobi, nao wamejibiwa kwamba lazima Kenya Airways ilindwe. Milango imefunguliwa kidogo kidogo: Qatar Airways mwaka 2018, flydubai mwaka 2024. Mimi si mpinzani wa kulinda mali ya nchi. Lakini anayelindwa kwa gharama ya mji mzima anapaswa kuuambia mji masharti ya ulinzi huo: atarusha safari ngapi za Mombasa, kwa muda gani, na akiziondoa atatufidia nini. Masharti hayo hayajaandikwa popote ninapoweza kuyasoma. Kwa hiyo sisi ni kama ile kampuni ndogo ya Marekani, isipokuwa yenyewe ilikuwa angalau na mkataba.

Hapa Mwembe Tayari hunijia vijana walioajiriwa na mawakala kufanya kazi za viwanjani na mahotelini. Karatasi zao nazijua kwa rangi. Kurasa mbili, wakati mwingine moja. Kazi itaendelea kulingana na mahitaji ya mteja, ndivyo zisemavyo. Na mteja huyo hakutajwa, wala kijana hana haki yoyote juu yake. Mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la kisheria: wakili, kama mteja ndiye aliyenifuta, na wakala ndiye aliyeniajiri, mimi nimshtaki nani? Nilimshtaki wakala. Wakala alikuwa na meza moja na viti viwili.

Basi tudai nini? Sidai kwamba shirika lifungwe, wala kwamba kila mtu aajiriwe milele. Nadai mambo ambayo Katiba ya 2010 imekwisha kutupa na ambayo hatujayachukua. Ibara ya 213 inaitaka serikali, katika muda wa miezi miwili baada ya mwaka wa fedha kwisha, itangaze ripoti ya dhamana ilizozitoa. Someni ripoti hiyo kanisani, baada ya matangazo ya harusi na ya michango. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine zikihitajika kwa ulinzi wa haki. Na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Hazina ina nakala ya masharti ya dhamana. Hazina si kampuni binafsi. Hapo popo hana mbawa.

Nadai pia Bunge liweke sharti moja dogo kwa kila dhamana itakayotolewa baada ya leo, liwe ni kwa shirika la ndege, la sukari au la meli: kwamba fidia ya mfanyakazi, pamoja na yule wa wakala na wa kampuni tanzu anayefanya kazi ile ile, ilipwe kabla ya senti moja ya umma kumfikia mkopeshaji. Mkopeshaji atalalamika kwamba sharti hilo litapandisha riba. Huenda. Lakini riba hiyo itaandikwa mahali inapoonekana, Bunge litaijadili, na mwananchi ataipima. Leo inalipwa na yule msafisha vyumba, naye hakuna kitabu kinachomwandika.

Ofisi yangu imetayarisha barua ya kuomba masharti ya dhamana ya 2017 chini ya sheria niliyoitaja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Haina malipo. Parokia, kikundi cha akina mama, chama cha wafanyakazi au mtu mmoja mmoja anaweza kuichukua, kuitia sahihi na kuipeleka. Andikeni tarehe mliyoipeleka, na mhesabu siku 21. Zikipita bila jibu, nileteeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nikipata kumi tutakwenda nazo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo sheria imeipa kazi ya kusikiliza malalamiko ya aina hiyo, na isipotusikiliza, milango ya mahakama hapa kisiwani i wazi siku tano za juma.